Kadi za Kulwa na Doto

Mbuke binti Masalu alipanda majabali ya Mawe Matatu asubuhi ile akiwa ameibeba kadi mpya kifuani, ameiviringisha kwenye kitenge kama kifaranga kinachoogopewa baridi. Nyuma yake bonde lilikuwa linaamka. Pamba-jua ilikuwa imekomaa msimu ule, na kila tumba lililokwisha kushiba mwanga lilianza kung'aa lenyewe, moja hapa, moja kule, halafu shamba zima, mpaka ukitazama chini unaona kama nyota zimeshuka kulala kwenye udongo mweusi. Umeme wa pamba ile ulipanda kilimani kwa nyaya zilizozikwa, ukaingia ndani ya mwamba, ukaulisha mtambo. Na mtambo nao ukawalisha watu.

Alikuwa fundi wa pale tangu ujana wake, na bado kila alipofika kwenye ufa wa jabali alisimama kwanza. Hakuweza kupita hivi hivi. Ubaridi ulimpokea, kisha ile sauti, pumzi ndefu ya feni, kama ng'ombe mkubwa amelala gizani na ana amani zake. Ndani, kwenye kabati la chuma, kadi tatu za mtandao zilikuwa zimechomekwa kwa mstari, kila moja na kitaa chake cha kijani kikipepesa. Kadi moja, mtu mmoja.

Maana ile homa ya usahaulifu ilipopita Usukuma, iliwafuta watu ndani ikawaacha wazima nje. Unamkuta mtu anatembea, anakula, anacheka, lakini hayumo. Waliowahiwa, kumbukumbu zao zilivutwa zikahifadhiwa kwenye mtambo, na kutoka mle zikawa zinarudishwa kwao usiku na mchana kwa mawimbi, kupitia kifungo kidogo kilichoshonwa nyuma ya sikio. Kadi ndiyo mlango. Kumbukumbu ilitokea mlangoni, ikapaa juu ya mabonde, ikamkuta mwenyewe yuko sokoni anabishania bei ya dagaa, naye wala hajui kwamba ule ubishi wake umetoka ndani ya jiwe.

Daktari Luhende alikuwa anamngoja karibu na kabati, mikono nyuma.

"Mwangaluka, Daktari."

"Mwangaluka, fundi. Kibuyu cha mwalimu kinapungua. Hakivuki leo."

Kibuyu ndivyo walivyokiita chombo cha muda cha kuwekea kumbukumbu, kwa sababu ya tumbo lake na shingo yake. Cha Bi Holo, mwalimu aliyeletwa na homa juzi, kilikuwa kimeanza kubadilika rangi. Kikiisha, Bi Holo ameisha.

"Basi chomeka hiyo kadi, zima, washa, tumalize," alisema Daktari. "Wagonjwa wote wako wodini wamelala kitandani, wanajua watasinzia kidogo."

"Nikifanya hivyo mwalimu anaweza kuamka akajiita kwa jina la mama yangu, Kulwa."

Daktari alimtazama kuona kama anatania.

"Daktari, mtambo huu moyo wake ni Yuniksi. Ni mfumo wa kompyuta wa kale, wameuandika watu ambao hata makaburi yao hayajulikani tena, na haujawahi kuchoka. Lakini ukiamka haumjui mtu. Unapiga hodi ndani mwake mwenyewe: nani yupo? Kadi ya kwanza kuitika inaitwa sifuri. Ya pili inaitwa moja. Inayofuata, mbili. Na kumbukumbu zimewekwa kwa namba hizo hizo. Ya sifuri inamiminwa kwa sifuri, basi, bila kuangalia uso."

"Kama mtu anayegawa ugali gizani."

"Tena anampa aliyetangulia kunyoosha mkono. Sasa tundu lililobaki wazi ni hili la juu kabisa, karibu na moyo. Kadi mpya itaitika kabla ya wenzake, wote wasogee hatua moja."

Daktari aliguna. "Aliyeujenga hakuliona hilo?"

Mbuke akatabasamu, maana aliyeujenga alikuwa mwalimu wake, marehemu Mzee Gamaya. "Aliliona. Akasema si neno. Kadi ya mama yangu Kulwa aliiweka tundu la kwanza, ya pacha wake, mama yangu mdogo, mayu Doto, tundu la pili. Nilipomuuliza, akanijibu, mtoto wa Kisukuma unauliza swali kama hilo? Pacha anayetangulia ni Kulwa, anayefuata ni Doto, na hata aje mtemi na ngoma zake mpangilio huo haubadiliki. Akaona chuma nacho kitaheshimu."

"Na kikaheshimu?"

"Hatujawahi kuuzima, Daktari." Kisha sauti ikampungua kidogo. "Isipokuwa ile masika ya radi. Ilipiga mwamba, mtambo ukazima, ukajiwasha wenyewe."

"Nakumbuka. Waliamka salama wote."

"Waliamka," alisema Mbuke.

Akamweleza dawa yake. Kila kadi, siku inapozaliwa kiwandani, huchomwa namba ndani yake, na duniani kote hakuna nyingine yenye namba hiyo. Angeandika kwenye mtambo faili fupi la majina: kadi yenye namba hii ya kuzaliwa iitwe sifuri, hata ikiitika ya mwisho, yenye namba hii iitwe moja, hata ikiwahi kama mbuzi mlafi. Ila kwanza alipaswa kupita kwa wagonjwa na kisomeo, maana kila kifungo kilijua namba ya kadi yake, na kilibeba jina la mtu aliyeshonewa.

"Nenda basi," alisema Daktari. "Na umsalimie mama. Leo moyo wake umeamka vibaya."

*

Wodi ilikuwa upande wa pili wa jabali, madirisha yakitazama mashamba. Mzee Ndalahwa alikuwa kitanda cha kwanza. Kisomeo, kidogo kama kijiko cha chai, kiligusa nyuma ya sikio lake kikatamka kwa sauti nyembamba: Ndalahwa.

"Kinanijua kuliko wake zangu," alisema mzee.

Mama yake Mbuke alikuwa kitanda cha mwisho, ameegemezwa mito kwa sababu akilala chali pumzi inamkimbia. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau kwa mbali. Daktari alikuwa ameshamwambia Mbuke ukweli: moyo ule hauna msimu mwingine. Kwenye kitanda cha jirani yake alikaa pacha wake, mayu Doto, mguu mmoja ameunyoosha kwa sababu ya goti, anamenya karanga na kumlisha mwenzake moja moja. Uso ule ule mara mbili. Hata mikunjo ilikuwa imepanga foleni sawasawa.

"Sogea nione sikio lako, mayu," Mbuke alimwambia mama yake.

"Limefanya nini tena sikio langu?"

Kisomeo kikatamka: Doto.

Mbuke akakifuta kwenye kitenge. Akagusa tena. Doto.

Akazunguka kitanda, akamgusa mayu Doto, aliyekuwa anatafuna na kutazama dirishani kama mtu asiyehusika. Kulwa.

"Kuna shida?" aliuliza mama yake.

"Hakuna, mayu. Nakuja."

Alitoka nje akakaa juu ya jiwe lenye joto. Ile pamba ilikuwa inang'aa bonde zima na hakuiona. Alikuwa anaiona radi. Anaiona ikiupiga mwamba, mtambo unazima, unaamka, unapiga hodi: nani yupo? Na kadi ya Doto, kwa sababu yoyote ile, labda vumbi, labda joto, labda Mungu tu, inaitika kabla ya kadi ya Kulwa. Sifuri! Kumbukumbu ya Kulwa inapaa na kuingia kichwani kwa Doto. Ya Doto inaingia kwa Kulwa. Wanawake wawili wanaamka, kila mmoja anakwenda nyumbani kwake anakokukumbuka, kwa wanawe anaowakumbuka, na hakuna anayeshtuka, kwa sababu nani angeshtuka? Wangekuwa watu wengine wowote, kijiji kizima kingepiga yowe.

Kwa hiyo mama aliyekuwa akimpikia, akimgombeza, akimsuka, alikuwa mama yake kweli, kwa kila neno na kila kumbukumbu. Lakini tumbo lililombeba Mbuke lilikuwa nyumba ya jirani, likimwita mwanangu kama mama mdogo tu, likichechemea kwenda kisimani.

Kulikuwa na ukubwa ndani ya jambo lile ambao kichwa chake kilishindwa kuukumbatia, kama ukijaribu kulikumbatia jabali.

Ndipo akaona pale palipo na mwiba. Moyo mgonjwa ulikuwa wa Doto. Goti bovu lilikuwa la Kulwa. Akiandika faili kama kanuni ya mtambo inavyotaka, kila kumbukumbu irudi kwa mwili iliyozaliwa nao, mama yake angeamka kwenye mwili wenye moyo mzima, angechechemea miaka mingi. Na mayu Doto angeamka ndani ya kifua kinachokufa.

Akiandika kama mambo yalivyo, mama yake anazikwa kabla ya mavuno.

*

Daktari Luhende alimsikiliza mpaka mwisho. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Kanuni iko wazi," alisema. "Kila kumbukumbu kwa mwili wake."

"Najua."

"Kanuni inakupa mama yako, fundi. Hakuna atakayekulaumu. Kwa nini unalia?"

"Kwa sababu naitaka," alisema Mbuke. "Ingekuwa inaniuma ningeifuata bila kufikiri. Lakini mkono wangu unawasha kuandika, Daktari. Nimejikuta hapo nje nimeshaziandika zile namba kichwani. Mayu Doto alinibeba mgongoni. Nitamzima akiwa anammenyea mama karanga, niseme kanuni?"

"Na ukimwacha mama yako afe kwa moyo usio wake, utasema nini?"

Feni ziliendelea kupumua. Kibuyu cha mwalimu kilikuwa kimegeuka kijivu shingoni.

"Wana akili zao timamu," Daktari alisema hatimaye. "Kawaambie. Mimi siwezi. Nikiwatazama wale wawili kwa pamoja huwa nasahau nani nilimpa dawa."

*

Alivuta kigoda akakaa kati ya vitanda. Alianza mbali, kwenye radi, akaja taratibu, akichagua maneno kama anayepita kwenye matope. Akasema namba. Akasema majina. Alipofika kwenye neno miili, alitazama sakafu akalitamka.

Mama yake alimtazama pacha wake. Pacha naye akamtazama. Kisha mayu Doto akaangua kicheko mpaka karanga zikamwagika.

"Umeona? Nilikuambia ataligundua huyu! Ameng'ang'ania vyuma tangu mdogo."

"Mlijua?" Mbuke alisimama.

"Mtu haujui mwili wake?" alisema mama yake, na pumzi ikimruka. "Niliamka siku ile ya radi nikakojoa, nikasimama... goti haliumi. Goti langu, lililonitesa tangu nilipoanguka kwenye mkokoteni! Nikasema aisee, radi ni dawa. Halafu nikajitazama tumboni. Mshono wa kukutoa wewe haupo. Pametakata kama meza."

"Na mimi nikaamka nachechemea," alidakia Doto, "na nina mshono wa mtoto ambaye sikumzaa. Nikaenda kwake mbio. Mbio gani, nilikwenda narukaruka kama kunguru. Nikamwambia, wewe mwizi, rudisha mwili wangu."

"Mayu, wewe ulikuwa unachechemea! Nakumbuka! Baada ya radi ulichechemea mwaka mzima!"

"Nilikuwa naigiza," alisema mama yake. "Kazi ngumu ile! Mara nyingine nilisahau mguu. Ndiyo nikasema mganga wa Bariadi amenipaka mafuta nikapona. Na huyu akasema ameanguka kisimani."

"Mganga akapata wateja bure," alisema Doto.

"Lakini kwa nini hamkusema?"

Kicheko kikaondoka. Mama yake akauchukua mkono wa Mbuke. "Tungesema, wangetuzima ili wapange upya. Na anayezimwa hajui kama atawashwa. Tukakubaliana. Tulilala tumbo moja, tukanyonya zamu kwa zamu. Bibi yako alikuwa akimpa mmoja kipande cha nyama, anampa na mwenzake kipande hicho hicho, kipimo kile kile, la sivyo anasema nyumba itaungua. Tumezoea kugawana. Tukaona hili nalo tugawane."

"Sasa limekuja la moyo," alisema Doto. Akageuka kwa Mbuke na uso wake ukawa mgumu. "Sikiliza, mwanangu. Andika kanuni. Moyo huo ni wangu, nilizaliwa nao mimi, nife nao mimi. Yeye ameubeba miaka yote hii na hajalalamika."

"Thubutu!" mama yake aliinuka kwenye mito. "Asiandike kitu. Wewe umelibeba goti langu unapanda nalo mlimani, leo nikupe na kaburi?"

"Kaburi ni langu!"

"Mimi ndiye Kulwa, mimi ndiye ninayetangulia!"

"Umetangulia kuzaliwa, inatosha. Hukuachiwa kila kitu cha kutangulia."

"Doto, usinipandishe pumzi."

"Pumzi zangu hizo unazopandisha!"

Mzee Ndalahwa, kule kitanda chake, aliomba watu wapate kusinzia kwa amani. Hakuna aliyemsikia. Mbuke alikuwa amesimama katikati na kila upande ulikuwa unampiga, na mwisho akapasuka naye.

"Nyamazeni! Mnataka nifanye nini? Niwafunge pamoja kama kebo za getini?"

Mapacha wakageuka wakamtazama.

"Kebo za getini zimefungwaje?" aliuliza mama yake polepole.

Mbuke akatamani neno lile arudishe mdomoni. "Ni... kule getini panya walikuwa wanatafuna kebo, kamera zinazima. Nikaweka kadi mbili, kebo mbili, nikazipa jina moja. Mtambo unaziona kama kadi moja tu. Kinachokwenda kwa jina hilo kinapita kote kuwili. Panya akikata moja, nyingine inabeba yote, kamera haijui hata kama kuna kilichotokea."

Pale dirishani mwanga wa pamba ulikuwa umepanda ukutani, unatetemeka kama maji. Mapacha hawakutazamana. Ilikuwa kama hawana haja.

"Hapana," alisema Mbuke. "Mayu, hapana. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo kwa mtu. Sijui mtaamka nani. Sijui kama mtaamka. Na mkiamka, hamtatengana tena. Hakutakuwa na wazo la huyu na wazo la yule. Hata siri zenu."

"Siri gani za kumficha huyu?" alisema mama yake.

"Ninayo moja," alisema Doto.

"Ya yule fundi cherehani?"

"Ulijua?"

"Kijiji kizima kilijua, Doto. Kanzu ngapi mtu mmoja anashonesha?"

Doto alicheka huku anajifuta macho. Mama yake ndiye aliyeuona uso wa Mbuke.

"Wewe unaogopa kingine," alimwambia.

Mbuke aliinama. Ni aibu mtu mzima kusema, lakini akasema. "Nina mama mmoja. Nikifanya hivyo sitakuwa na wa kwangu peke yangu."

"Ndiyo," alisema mama yake. Hakumfariji. "Hilo litakupotea. Mwili huu utakufa, hilo halizuiliki, na nitakufa nao kidogo. Lakini aliyebaki atakuwa na mimi ndani, na atakuwa na yeye, na hakuna aliyemsukuma mwenzake. Sisi ndivyo tunavyotaka. Wewe je, mkono wako unakataa?"

Mbuke aliutazama mkono wake. Ule muwasho wa asubuhi ulikuwa umeondoka.

"Mtambo utanidai jina," alisema. "Jina moja la wote wawili. Siwezi kuandika Kulwa wala Doto."

"Anayezaliwa baada ya mapacha anaitwa nani Usukumani?" aliuliza Doto.

"Shija."

"Sasa unauliza nini?"

*

Alipoelezwa mpango, Daktari Luhende alisimama mlangoni mwa ufa akiisoma kanuni kwa sauti ya chini, mstari kwa mstari. "Kila kumbukumbu kwa mwili wake," alisema. "Mapacha wanasemaje juu ya hilo?"

"Wanasema miili yote miwili ni yao, wameshaikalia yote."

Alifikiri. "Haikatazi," alisema. Akakunja karatasi, akaenda wodini kukaa na wagonjwa.

Jua lilikuwa utosini. Mbuke aliandika. Kadi yenye namba hii ya kuzaliwa na kadi yenye namba hii, ziwe chini ya jina moja, Shija. Ya Ndalahwa, mbili, kama ilivyokuwa. Mpya, tatu, hata ikiitika mapema namna gani. Akasoma mara ya pili kwa kidole, kama anayesoma dua. Akachomeka kadi ya mwalimu kwenye tundu la juu, akakimimina kibuyu mtamboni mpaka kikawa cheupe kitupu.

Kisha akauzima mtambo.

Hakuwahi kuusikia ukimya ule. Zile feni zilishuka, zikashuka, zikakata pumzi, na jabali likawa jabali tu. Vitaa vyote vikafumba. Kule ng'ambo ya mwamba watu wanne walikuwa wamelala bila mtu ndani, na ufunguo wa wote ulikuwa kwenye kidole chake chenye makovu ya chuma cha moto. Akawaza, hivi ndivyo ilivyokuwa kabla ya watu. Mawe, jua, na hakuna wa kukumbuka chochote.

Akabonyeza.

Feni zikavuta pumzi. Maandishi yakaanza kupanda kwenye kioo, ile lugha ya kale, kavu, isiyo na salamu. Mtambo ukapiga hodi: nani yupo? Kadi ya mwalimu ikaitika kwanza kabisa, kama alivyosema. Mtambo ukasimama. Ukalifungua lile faili fupi la Mbuke, ukasoma namba ya kuzaliwa, na pasipo haraka ukaiambia kadi ile: wewe ni tatu. Mbuke akapiga kofi mdomoni. Ndalahwa, mbili. Kisha kadi mbili za mwisho zikaitika kwa pamoja, pamoja kabisa, hakuna aliyetangulia wala aliyefuata, jambo ambalo kwa miaka yake yote ya ufundi hakuwahi kuliona. Mtambo ukaandika: Shija. Vitaa viwili vikawaka, vikawa vinapepesa kwa pigo moja.

Alikimbia. Alizunguka jabali juani, kitenge kikibaki njiani.

Bi Holo alikuwa ameshaketi, anamwita mumewe kwa jina na kuuliza nani anafundisha darasa lake. Mzee Ndalahwa alikuwa anadai tumbaku. Daktari alisimama miguuni pa vitanda viwili vya mwisho, mkono mdomoni.

Walikuwa macho, wametulia, wanatazama dari.

"Nimewauliza majina," alinong'ona Daktari. "Wamenitazama tu."

Mbuke alijaza uji kikombe kutoka kwenye chupa, akamnyanyua kichwa yule mwenye midomo ya zambarau, akamnywesha kidogo.

Kule kitanda cha pili, yule mwenye goti alivuta mdomo nyuma.

"Unachoma," alisema. "Upoze."

Daktari alikaa chini, palepale sakafuni.

Mbuke aliweka kikombe. Alitaka kuita mayu, lakini hakujua aligeuzie wapi. Nyuso mbili zikamgeukia zenyewe, na ndani ya macho yale manne kulikuwa na mtu mmoja anayemtazama: aliyemzaa, aliyemlea, aliyembeba mgongoni, aliyeigiza kuchechemea, aliyemficha siri na kumcheka na kumpenda kutoka nyumba mbili, wote wamefika kwa pamoja. Hakuweza kustahimili kutazamwa hivyo akiwa amesimama. Alipiga magoti kati ya vitanda, kichwa chini, akasalimu kama binti anavyomsalimu mkubwa wake, lakini hata magoti yake yalikuwa yanasitasita, mara kulia, mara kushoto.

Mkono mmoja ukamshuka kichwani kutoka upande huu, dhaifu, wa baridi. Mwingine kutoka upande ule, wenye vumbi la karanga.

"Usihangaike, mwanangu," alisema mama yake, na hakujua ni kwa kinywa kipi. "Elekea popote. Nipo."